Magome ya Mninga na Kisu cha Baba

Mpaka leo nikipita Lizaboni penye karakana ya seremala, harufu ya mbao za mninga hunirudisha kijijini kwetu Mpitimbi, nikawa mtoto tena. Mti wetu ulikuwa nyuma ya nyumba. Kabla ya mvua ulitoa maua ya manjano, halafu matunda bapa yenye miiba katikati, ambayo sisi watoto tuliyarusha yazunguke hewani. Bibi, mama yake baba, alitufukuza kwa matusi ambayo bado yananichekesha.

Kwake mti ule ulikuwa duka la dawa. Alibandua gome upande wa mashariki na wa magharibi tu, kisha akakipaka kidonda cha mti udongo, kwa sababu ukibandua kuzunguka shina lote, mti unakufa. Gome alilichemshia kwenye chungu, kamwe si kwenye chombo cha chuma. Siku hizi mjukuu wangu aliyesoma kemia ananiambia kuna tanini humo, kitu kilekile kinachokaza ngozi ya ng'ombe, ndiyo maana hukaza na tumbo. Haya. Sisi tulijua kwa ulimi: ukionja, mdomo mzima unakunjamana.

Kisha vita vya Maji Maji vikatufikia. Baba alinyunyiziwa ile dawa ya maji, akaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hakurudi. Mwenzake alituletea kisu chake. Askari wakachoma vihenge vyetu vya mahindi, njaa ikaingia, na mdogo wangu wa kike akaanza kuhara damu.

Bibi akachemsha magome. Mama akasimama mlangoni.

"Hakuna atakayekunywa tena maji ya dawa humu ndani," alisema. "Yameshamla mume wangu, mama. Mtoto siyapi."

Nilimkasirikia mno. Mdogo wangu alikuwa amelegea, hata kulia hawezi.

Bibi, ambaye ukimpa neno moja alikurudishia kumi, siku hiyo hakubishana. Alichukua kisu cha baba, akakidondoshea dawa, akakiweka chini mbele ya mama. Tukakaa tukikitazama. Polepole chuma kikawa cheusi pale dawa ilipotua.

"Maji matupu hayafanyi chuma hivi. Sasa onja," Bibi akasema.

Mama akaonja, uso ukamkunjamana. Akampakata mtoto, akamnywesha mwenyewe kidogo kidogo, siku hiyo na siku zilizofuata.

Asubuhi moja mdogo wangu alipoomba uji, uji wenyewe hatukuwa nao, lakini tulicheka kwa furaha kama watu walioshiba. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekishika kile kisu, anapitisha kidole juu ya lile doa jeusi.

"Mama," alimwambia Bibi, "kwa nini hawakumpa hii?"

"Hii nayo isingezuia risasi, mwanangu. Ni ya tumbo tu."

Halafu Bibi akamnyang'anya kisu, akakiweka mapajani, akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aondoke.