Kipepeo Aliyetua Kwenye Kofia ya Rosalind

Bibi yangu Thelma amehesabu vipepeo kwenye kilima cha mawe ya chaki juu ya kijiji chetu kwa miaka ishirini na miwili. Kila wiki, Aprili mpaka Septemba, jua likitoka tu, anapanda na karatasi ya watu wa hifadhi na penseli iliyofungwa kwa uzi shingoni. Njia ni ile ile. Anatazama mita mbili na nusu kushoto, mita mbili na nusu kulia, tano mbele. Kipepeo anayepita nje ya hapo haandikwi. Na sharti kubwa: andika ulichokiona kwa macho yako. Cha kuambiwa hakiandikwi.

Karatasi hiyo ina mstari mmoja ambao Bibi hajawahi kuujaza ila kwa sifuri. Ni wa yule kipepeo wa buluu kali, mwenye ukingo mweupe uliokatwa kwa vistari vyeusi. Vilima vya jirani vinaye. Sisi hatuna. Bibi ndiye aliyeomba kondoo waletwe wakati wa baridi ili wale nyasi, zibaki fupi, anavyopenda kipepeo huyo, na hata mvua ikinyesha hupanda kuwaangalia wasinase kwenye waya.

Agosti mdogo wake, Rosalind, akaja kutoka Leeds kukaa siku nne. Ni mtu wa kucheka. Nampenda, ila mbele ya Bibi sionyeshi. Mwaka themanini na moja Rosalind alipika jamu mara ya kwanza maishani mwake, akaipeleka kwenye maonyesho ya kijiji, ikawa ya kwanza. Ya Bibi ikawa ya tatu. Jamu ile bado inatajwa mezani kwetu.

"Leo na mimi napanda," Rosalind akasema, kavaa ndala za dhahabu na kofia ya njano kubwa kama sinia.

"Na viatu hivyo?"

"Kwani vipepeo wanakagua viatu, dada?"

Tukapanda. Ndege mmoja, kipozamataza, alikuwa juu angani anaimba bila kuvuta pumzi, Rosalind akaimba naye. Bibi akaandika: wa kahawia kumi na wanne, weupe watatu. Penye mteremko mkali Rosalind akatupita, akakalia kichuguu kando ya njia, hatua mbili mbele yetu, atoe kokoto kwenye ndala.

"Thelma," akaita, safari hii taratibu. "Kuna kitu kimetua kwenye kofia yangu. Mjukuu wangu, hebu niangalizie."

Nikatazama. Buluu kali. Ukingo mweupe, vistari vyeusi.

"Bibi," nikasema. "Ndiye."

Bibi alikuwa ameinamia karatasi. Niliona shingo yake ikianza kuinuka, halafu ikasita. Akageuza uso upande wa bonde, akalikazia macho paa la kanisa kama mtu aliyeitwa huko.

"Dada, geuka basi! Si ndiye unayemtafuta?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini huko, kengele?"

"Rosalind, usinichanganye."

Kipepeo akafungua mabawa, akafunga, akafungua tena. Alikaa muda wa mtu kumaliza nusu kikombe cha chai. Kisha akaruka kuelekea miibani, na hapo ndipo Bibi alipogeuka.

"Ameondoka?"

"Ameondoka." Rosalind hakucheka. "Miaka yote hiyo, Thelma. Kwa sababu kofia ni yangu?"

Bibi akaandika sifuri, akaikoleza mpaka penseli ikatoboa karatasi.

Jumapili Rosalind akarudi Leeds. Kofia ilibaki kwenye msumari wa mlangoni. Kama aliisahau au aliiacha, sijui. Jumatano Bibi akaitungua, akaivaa, tukapanda. Alipofika kwenye kichuguu kile akaketi, mgongo wima, mikono magotini.

Jua lilikuwa kali. Tulikaa sana.

"Kuna kitu?" akaniuliza, shingo haijasogea.

"Nzi tu, Bibi."

"Tazama tena."