Kaburi la Babu Yake Qongqo

Siku niliyomwona Dumalisile Qongqo kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshuka kwenye basi pale dukani, koti zito mwilini na jua linachoma, akaniuliza mto wetu unaelekea upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Mwaka mmoja baadaye mtu huyohuyo alikuwa anatufundisha jiografia ya Nqabeni, kijiji chetu wenyewe.

Ramani yake aliichora nyuma ya kalenda. Kilima alikiongeza ukubwa, kwa sababu alisema ni cha ukoo wake. Historia nayo aliitengeneza hivyohivyo. Vita vyote vya zamani vilipiganwa na babu yake, tena peke yake. Wazee wetu sisi walikuwa wanachunga kondoo. Mgeni akifika, Qongqo alimdaka kabla hajapewa hata chai. Watu walimwita Tata, yaani baba, kwa heshima. Mimi pia nilimwita hivyo, kwa woga tu.

Ningemwacha na uongo wake, ila aliutafutia kazi. Ilitangazwa kwamba maafisa wa ardhi watakuja kusikiliza wenye madai. Qongqo akasema lile rundo la mawe kwenye njia ya kilimani ni kaburi la babu yake, kwa hiyo mteremko wote ni mali yake. Na kwenye mteremko huo ndipo ilipo nyumba ya mama yangu, na shamba lake la mahindi.

"MaDlomo," alimwambia mama, akiwa amesimama katikati ya maboga yake, "anza kufunga vyombo taratibu. Mimi sina haraka."

"Babu yako alizikwa njiani kama mbwa?" mama akamuuliza. "Zizi lake la ng'ombe liko wapi, alazwe karibu nalo kama wanaume wengine?"

"Hayo ni mambo ya historia, mama. Huyawezi."

Siku ilipofika tukapanda wote: maafisa watatu, wazee, akina mama, na Qongqo mbele na fimbo yake, akitaja miaka na majina bila kupumua. Akafika kwenye rundo huku bado anaongea. Akainama, akaokota jiwe, akalitemea mate, akalitupa juu ya mengine, kama tufanyavyo sote tangu utotoni tukipita pale, ili safari iwe njema. Kisha akatugeukia.

"Hapa ndipo alipolala babu yangu."

Kila mtu alikuwa ameona, na hakuna aliyetaka kumwaibisha mtu mzima. Mama akanitazama. Nikasema:

"Tata, umemtemea babu yako mate."

Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Mtemee tena, Tata, bado hajalowa!"

Afisa mkubwa, naye mtu wa vilima hivihivi, akafunga faili lake na kumwambia mama arudi shambani kwake, hakuna wa kumhamisha.

Wapo waliomwonea Qongqo huruma. Mimi sikumwonea. Anataka kumfukuza mjane kwa kaburi la kubuni, halafu hata kulikumbuka kwa dakika mbili kunamshinda! Tulipokuwa tunashuka alinipita akijifuta vumbi kwenye koti, na mpaka anakufa hakunisemesha tena baada ya maneno haya:

"Wewe shule yenyewe hukumaliza. Historia utaijulia wapi?"