Bunduki ya Leland, Shati la Verna

Leland Kangas alifika miaka sabini na moja bila kumpiga risasi mnyama yeyote. Katika nyumba yao mwindaji alikuwa mke. Kila Novemba, msimu wa kulungu unapofunguliwa, Verna alivaa shati lake la sufu la miraba myekundu na myeusi, akatwaa bunduki, akaenda kambini na mdogo wake na majirani. Leland alibaki. Alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao, na wiki hiyo alishika zamu za wenzake waliokwenda porini. Kazi yake ya msimu ilikuwa kuoka mikate ya nyama na viazi, ile inayokunjwa nusu na kubanwa ukingoni, trei nzima, Verna awapelekee wanaume. Walikula miaka yote. Walimwita "mama mwenye nyumba." Alicheka nao.

Verna alikufa Machi, theluji ikiwa bado imefika madirishani.

Kambi yenyewe ni kibanda cha magogo, chumba kimoja, jiko la kuni katikati, na nje sauna, chumba cha kuogea mvuke. Ukutani pana misumari. Kila mwindaji ana wake, na jina lake limechomwa kwenye gogo juu yake. Hapo unatundika bunduki, na kitanda kilicho chini ya msumari ndicho kitanda chako. Mtu akifa, msumari wake unasubiri msimu mmoja. Mtu wa nyumba yake akija akapata kulungu, msumari ni wake.

Lakini mgeni akipiga akakosa, anakatwa shati. Wanashika upindo wa nyuma, wanakata kwa mkasi, wanaandika jina na kuugongomelea juu ya mlango. Aliyekatwa shati hapati msumari mwaka huo. Wenye kambi wanampa msumari huo wanayemtaka.

Leland aliutaka msumari wa Verna. Haja ya kulungu hakuwa nayo. Alitaka kulala chini ya lile jina, asikie jiko alilolisikia Verna asubuhi, aone kupitia dirisha lile. Maneno hayo hakumwambia mtu. Kwa Duane alisema tu, "Mwaka huu nakwenda."

Duane Niskala alikuwa mdogo wake Verna. Kwenye mazishi alishika jeneza upande wa mbele. Tangu siku ile alikuja kila Jumapili, wakakaa jikoni, wakanywa kahawa bila kusema mengi. Leland hakuzaliwa na ndugu. Alikuwa na Duane.

"Kwenda?" Duane alisema. "Wewe? Na bunduki ipi?"

Swali lilikuwa la haki. Verna alitumia mkono wa kushoto, na bunduki yake iliundwa hivyo, kila kitu upande ule. Leland aliijaribu akajiona kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Akampa binti yao, naye akaondoka nayo.

"Nitanunua. Ya bei ya chini. Ya mtu anayeanza."

"Basi twende wote, shemeji. Peke yako watakuuzia ufagio."

Dukani alikuwepo Bev, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mkwaruzo, aliyemuuzia Verna risasi miaka na miaka. Alimwangalia Leland, akaangalia mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka kidogo. Ilianza hospitalini, Verna akiwa mgonjwa, haikuacha.

Duane alikwenda moja kwa moja kwenye bunduki kubwa iliyotumika, kitako cha mbao nyekundu kinang'aa. "Hii. Kama yangu. Kulungu akiiona tu analala mwenyewe."

"Na bega la mzee linalala naye," Bev alisema. "Irudishe hapo, Duane. Anayeanza akipigwa bega mara mbili, ya tatu anafumba macho kabla hajavuta. Ukifumba macho unapiga miti."

Akatoa nyingine, nyembamba, kitako cha plastiki nyeusi, haina urembo wowote.

"Hiyo si ya kuchezea watoto?" Duane alicheka.

"Sura haina," Bev alisema. "Lakini mtutu wake umenyooka, na risasi zake ndogo utazipata hata pale wanapouza maziwa. Mzee Leland, iweke begani. Fumba macho. Sasa fumbua. Unaona nini kwenye darubini?"

"Naona saa yako ya ukutani."

"Yote? Au nusu yake nyeusi?"

"Yote."

"Basi ni yako. Pesa uliyotaka kuweka kwenye mbao nyekundu, weka kwenye risasi za mazoezi." Akaegemea kaunta, akamsogelea. "Na nisikilize. Hiyo darubini nimeifunga tu. Haijajua risasi inakwenda wapi. Nenda kwenye shimo la kokoto, weka karatasi, piga, ukageuze hizi skrubu mbili mpaka alama na tundu viwe mahali pamoja. Upige wewe mwenyewe. Usimpe mtu."

"Bev anadhani sisi hatujui kazi," Duane alisema.

Walipofika kwenye gari, Duane akaichukua ile bunduki mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtu glasi akiwa amelewa. "Shemeji, kwa mikono hiyo utamaliza risasi zote. Nipe mimi. Nitakurekebishia Jumamosi, nitakuletea iko tayari."

Leland alikumbuka maneno ya Bev. Akaona kumwambia Duane hapana ni kama kumwambia hamwamini. Akampa.

Jumapili Duane aliileta pamoja na karatasi ya shabaha. Matundu matatu katikati, yamebanana. "Angalia hiyo," akasema. "Hata kipofu atapata." Leland aliibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kila asubuhi akinywa kahawa aliiangalia, na mikono ikatulia kiasi. Alifanya mazoezi ya kuinua bunduki sebuleni, haina kitu, akilenga taa. Kwenda shimoni kupiga hakuona sababu. Duane alishamaliza.

Siku ya kufungua msimu alivaa shati la Verna. Lilikuwa kubwa enzi za Verna, maana alilivalia sweta mbili ndani. Tangu Machi Leland alikuwa amepungua, likamkaa. Juu yake akavaa kizibao cha rangi ya chungwa. Alikuwa ameoka mikate, trei nzima, akaibeba mapajani njia nzima, ikampa joto.

"Mama mwenye nyumba kaja na bunduki!" Eino alipiga kelele mlangoni. Eino Saari ndiye mkubwa wa kambi, na ndiye anayepika supu. "Jamani, ficheni ng'ombe!"

Wakacheka. Leland naye akacheka. Trent, mkwe wa Duane aliyemuoa binti yake, alikuwa amelala juu ya kitanda cha Verna na buti zake miguuni. Alipoona Leland anaangalia, akainuka polepole.

"Nilikuwa nakipasha moto tu," alisema.

Kabla hapajapambazuka walimweka Leland kwenye kibanda cha kuvizia cha Verna, mbao nne na benchi. Alikuta mto wake wa kukalia, umeliwa na panya pembeni. Akaukalia. Kukapambazuka. Hakuwaza kulungu. Alimwaza Verna akiwa pale, pumzi inatoka mdomoni, na yeye kiwandani hajui mkewe anaonekana vipi saa hiyo.

Kulungu dume alitoka upande wa mierezi, akasimama, akageuza ubavu. Leland akainua bunduki. Mikono haikutetemeka. Alishangaa. Alama ya darubini ikakaa nyuma ya bega la mnyama kama imegandishwa. Akavuta polepole, kama Verna alivyokuwa akimweleza kwenye meza ya chakula, yeye akiwa hasikilizi vizuri.

Mlio ukaenda ukarudi. Kulungu akaruka, akatazama upande wa kushoto wa Leland, akaondoka mzima. Walipokuja kuangalia hawakuona tone la damu wala unywele. Theluji tupu.

"Imekwenda wapi?" Leland aliuliza.

"Imeshavuka mpaka wa jimbo, iko Wisconsin," mmoja akasema.

Mchana wakamzunguka mezani. Eino akatoa mkasi kwenye droo, akampa Duane, maana kwa desturi anayekata ni ndugu.

"Duane," Leland alisema. "Hili ni la Verna."

"Najua."

"Misimu yote aliyokuja hapa halijakatwa. Kata langu la ndani. Ninalo jingine ndani."

"Shati la juu, shemeji. Sheria ni sheria. Geuka."

Aligeuka. Sufu ile ni nene, mkasi ulikuwa butu, ikachukua muda. Alihisi kila pigo kwenye kiuno. Wakaandika LELAND kwa wino mweusi, wakagongomelea. Halafu Eino akasafisha koo, akasema msumari wa Verna wameonelea apewe Trent. Hakuna aliyepinga. Hapakuwa pamepita muda wa kushauriana.

Leland alilala nyumbani. Asubuhi alikwenda kwenye shimo la kokoto, peke yake, kujua kosa lake ni lipi. Aliweka karatasi. Akalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili mikono isihusike. Akapiga, akapiga, akapiga, akaenda kuangalia. Katikati hapakuwa na kitu. Matundu matatu yalikuwa pamoja, yanakaribia kugusana, lakini pembeni kushoto, mbali na shabaha urefu wa kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kushoto, alikotazama kulungu.

Bunduki ilikuwa nzuri. Mikono ilikuwa mizuri.

Alirudi jikoni na karatasi yake, akaiweka karibu na ile ya Duane kwenye friji. Matundu yake yalikuwa madogo. Ya Duane yalikuwa makubwa. Akachukua risasi yake moja mfukoni, akaipitisha kwenye tundu la karatasi ya Duane. Ilicheza mle ndani kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba. Karatasi ile haikupigwa kwa bunduki yake. Duane alipiga kwa ile kubwa yake, akamletea.

Akaketi. Alifikiria zile Jumapili. Alijaribu kujua ni Jumapili ipi Duane alikuja kunywa kahawa, na ni ipi alikuja kupima.

Alipofika kambini walikuwa wanakula. Trei yake ya mikate ilikuwa katikati ya meza, nusu imekwisha. Akaweka karatasi ya Duane mbele ya Duane, na risasi yake juu yake. Wote walikuwa watu wa bunduki. Walitazama tundu, wakatazama risasi.

"Ningekwambia," Duane alisema.

"Lini?"

"Shemeji, kaa chini. Wewe si mwindaji. Ungekuja kukaa pale na chupa ya kahawa unalia. Trent ana watoto wanaokua, wajukuu zangu. Msumari ule aliupiga baba yangu. Ni wa akina Niskala."

"Ni wa Verna."

"Verna alikuwa Niskala."

"Alikuwa mke wangu miaka arobaini na sita."

"Sijasema hakuwa." Duane alishika mkate wake bila kuula. "Nimesema wewe si damu. Sasa usinifanye niseme mambo mbele za watu."

Leland akawageukia wengine. "Nani alijua?"

Mmoja alitazama bakuli. Mwingine akawa anatafuta chumvi iliyokuwa mbele yake. Trent alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Leland akamtazama Eino, aliyekuwa mbele ya jiko anakoroga supu, mgongo umeelekea watu. Alikoroga. Supu ile ilikuwa imeiva zamani.

"Eino."

"Tulidhani utachoka mwenyewe," Eino aliuambia ukuta. "Tulidhani hutapata hata nafasi ya kupiga. Hakuna aliyetaka shati likatwe, Leland. Hatukujua utakuja na shati lake."

"Mlicheka."

Eino akafunika sufuria.

Leland akavuta kiti mpaka mlangoni, akapanda, magoti yakilia. Akang'oa kile kipande cha shati kwa vidole, akakikunja na kukitia mfukoni. Msumari wa Verna hakuugusa. Bunduki ya Trent ilikuwa imeshatundikwa pale. Akateremka, akaenda mezani, akachukua trei ya mikate. Akakusanya na iliyokuwa kwenye sahani. Akautoa na ule uliokuwa mkononi mwa Duane, umeng'atwa mara moja, akauweka juu ya mingine.

"Sasa hii ni nini, mzee?" mmoja alisema, akijaribu kucheka.

"Nyama yangu," Leland alisema, akafunga mlango.

Nyumbani alitafuta kopo la sindano la Verna. Uzi mwekundu haukuwepo, akatumia wa bluu. Alishona jioni yote. Mshono ulikwenda kombo na jina lake lilibaki pale nyuma, wino haukutoka.

Jumapili alipika kahawa ya mtu mmoja. Gari lilipita barabarani likapunguza mwendo, likaendelea. Hakuinuka kutazama ni la nani.

Halafu alikwenda kwa Bev, akamuuliza skrubu ipi ni ya kushoto na ipi ni ya juu. Bev alimwonyesha kwa sarafu. Alipoona mshono wa bluu mgongoni alimwongezea pakiti ya risasi.

Shimoni hapakuwa na upepo. Alilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga, akageuza skrubu, akapiga tena. Mchana ukaisha hivyo. Mwisho tundu likaingia katikati kabisa, na lililofuata likaingia humo humo.

"Umeona?" alisema, akageuka.

Kokoto tu, na gari lake.