Joto la Udongo wa Makoko

Trei ya tatu ndiyo iliyonitapisha. Mbili za kwanza nilizifunua nikiwa nimeziba pua kwa pindo la kanga, nikavumilia. Ile ya tatu ilikuwa imeota utando mweupe kama nywele za bikizee, na nilipoupasua kwa kijiti kikatoka kitu cha kijivu, laini, kinachonata, chenye harufu ya matumbo ya samaki yaliyosahaulika juani. Nikageukia ukuta wa uani nikatapika chai yote ya asubuhi.

Mimi ni nesi mstaafu. Wodini nimeosha vidonda vyenye funza, nimebadilisha mashuka ambayo hata ndugu wa mgonjwa waliyakimbia, na sikuwahi kutapika. Lakini kule uchafu ulikuwa wa ugonjwa. Huu nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, kwa wiki mbili, kwa bidii.

Kinamama wa kanisa letu hapa Makoko walikuwa wamenikabidhi kazi ya kuotesha miche. Askofu alikuwa anakuja kwa ajili ya kipaimara, nasi tulitaka maua ya marigodi na zinia kuzunguka kanisa, na giligilani na rehani kwa bustani ya jikoni ya padri. Niliiomba kazi hiyo mwenyewe, tena kwa mdomo mpana. Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Aliniuliza mbele ya wote, "Wifi, utaweza kweli? Wewe si ulizoea sindano?" Nikamjibu, "Mtoto nimemlea mpaka chuo, nitashindwa na kijani cha mchuzi?" Wakacheka. Kuanzia siku ile sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Niliamini mbegu inapenda joto, basi. Nikapanga trei zangu juu ya bati kuukuu lililolazwa kwenye matofali, pale uani ambapo jua halikatizwi na kitu. Nikazifunika kwa nailoni ili joto lisitoke. Udongo niliuchanganya na matumbo ya sato niliyopewa na wavuvi kule mwaloni, maana nilisikia kwamba ni mbolea kali. Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikirudisha nailoni kama mtu anayemfunika mtoto. Kila nilipoifunua, mvuke ulinipiga usoni, nami nikajisifu: hapa pana joto zuri.

Haikuota hata moja.

Mbegu nilizinunua Bunda, sokoni, kwa mama mmoja wa makamo kama mimi, mtu wa ushungi na maneno machache. Alikuwa anavuna mbegu kwenye shamba lake mwenyewe, anazifunga kwenye karatasi za daftari, kila kifurushi na punje chache zilizogundishwa nje ili mteja aone anachonunua. Nilipokuwa nimeinama pale uani nikijifuta mdomo, niliona sura yake, si yangu. Nilihitaji mtu wa kubeba aibu hii kabla wifi yangu hajaniuliza miche iko wapi. Nikaikomba ile trei ya tatu nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaenda Bunda.

Alinikumbuka. "Karibu, dada. Zimeotaje?"

"Zimeotaje?" Nikafungua mfuniko. "Njoo unuse zilivyoota."

Nikamimina ile takataka juu ya mkeka wake, katikati ya vifurushi. Iliteleza polepole, ikatanda, ikalowesha zile karatasi za daftari. Inzi walifika kabla ya watu. Halafu watu nao wakafika, mikono puani, macho yamewatoka kwa raha.

"Unauza mbegu zilizokufa!" nikapiga kelele. "Unawauzia watu maiti!"

Hakunijibu kwa kelele. Alikuwa anaokoa vifurushi kimoja kimoja, anavipangusa kwa ushungi wake. "Mimi nauzaga hapa miaka yote," alisema. "Hizi nazianika kivulini, nachagua punje kwa punje. Hujaniambia hata umezipanda wapi."

"Nimezipanda kwenye udongo! Ulitaka nizipande mawinguni? Mimi ni mtu wa hospitali, siyo mshamba."

Bado naisikia hiyo "mshamba" ikinitoka. Nilimwambia mtu anayelima, kwenye mji wa wakulima, mimi niliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo na kulelewa kwa mihogo.

Meza ya jirani ilikuwa ya kijana mmoja, muuza mbegu za dukani zilizofungwa kwenye makopo. Alisogea akitabasamu. "Mama, mimi nilishawaambia watu. Hizo za kienyeji ni kamari. Chukua hili kopo la giligilani, nakupa bure, ukaone tofauti." Aliyasema hayo kwa sauti ya kusikiwa na wote. Nikalipokea. Nikamshukuru hata. Nilipogeuka kuondoka, wateja wawili waliokuwa wakichagua kwenye mkeka wa yule mama walikuwa tayari wamehamia kwa kijana.

Sikufika nyumbani kabla ya habari. Mtu alikuwa amenirekodi kwa simu, na video ikaingia kwenye kundi la kinamama. Wifi yangu ndiye aliyeileta, na chini yake akaandika, "Umemkomesha, wifi!" Wengine wakaweka vidole gumba na makofi. Niliitazama video ile mara nne. Nilifurahi. Katika mambo yote ya habari hii, harufu ile, inzi wale, hakuna linalonikera kama hilo: kwamba nilikaa kwenye kiti changu sebuleni, mikono bado inanuka, nikafurahi.

Nikaosha trei zote kwa dawa ya kufulia, nikaweka udongo mpya, safari hii bila matumbo ya samaki, nikapanda mbegu za kopo. Nikazirudisha palepale juu ya bati, nikafunika kwa nailoni ileile. Nilingoja wiki mbili kwa moyo mweupe, kwa sababu sasa nilikuwa na mbegu ya kopo, yenye picha.

Siku ya kumi na tano nilifunua. Mvuke uleule. Nikafukua kwa ncha ya kidole na kutoa punje moja. Ilikuwa imevimba. Nikaibinya, ikapasuka kama jipu, ikatoa uji. Nikabinya nyingine. Uji. Nikabinya kama kumi, na kila moja ilipopasuka kidoleni lilinijia wazo moja ambalo sikulitaka: mbegu hizi hazikutoka kwenye mkeka wa Bunda.

Ndani nina sanduku la vifaa vya kazi yangu ya zamani. Nikachukua themometa ya kioo, ile ya kuweka kwapani, nikatoka nayo saa saba mchana. Nilijua ni upuuzi, lakini sikujua la kufanya lingine. Nikaichomeka kwenye udongo. Zebaki ilipanda nikiiona kwa macho. Ikapita thelathini na saba, ikapita homa, ikapita homa ya kumwita daktari, ikafika mwisho wa namba, arobaini na mbili, na nikiwa bado nimeinama pale kioo kikapasuka kwa sauti ndogo kama mtu anayevunja kidole.

Ilibidi nikusanye zebaki ile kwa karatasi ngumu, tone kwa tone, na udongo wake wote, nikaufungia kwenye chupa. Magoti yaliniuma. Miaka yote ya kazi sikumpa mgonjwa hata kidonge cha homa kabla ya kumpima, na wauguzi wadogo waliofanya hivyo niliwasema mpaka wakalia. Mtu mzima mwenzangu nilimhukumu sokoni bila kupima chochote.

Kesho yake nikamwomba afisa ugani wa kata yetu aje. Alikuja na themometa ya udongo, chuma kirefu chenye saa juu yake. Akaichomeka, akasubiri, akanionyesha. Arobaini na saba.

"Mama, hapa hukupanda," alisema. "Hapa ulipika."

"Si mbegu inataka joto?"

"Inataka joto lake. Giligilani inapenda kama kumi na nane mpaka ishirini na mbili. Ikifika ishirini na tano bado itajitahidi, ila ukipita thelathini inagoma. Zinia, marigodi na rehani zinavumilia zaidi, hizo uzipe ishirini na mbili mpaka ishirini na nane. Lakini arobaini na saba, pamefunikwa, pamelowa? Hapo hata jiwe litaoza." Akagonga bati kwa ncha ya kiatu. "Na hili jiko ulilitoa wapi?"

Tukazunguka nyumba yangu na kile chuma kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Kwenye varanda, upande usiopata jua la mchana, udongo wa kopo la maua ulisoma ishirini na saba. Kwenye ukumbi wa ndani, udongo wa kopo jingine lililokaa chini, juu ya saruji, ulisoma ishirini na tatu. Akaniambia nipande giligilani ukumbini na maua varandani, nisifunike, nimwagilie udongo unapoanza kukauka tu, na ikishachipua yote niipeleke kwenye mwanga.

Nilikuwa nimebakiwa na vifurushi vinne vya yule mama wa Bunda ndani ya kabati. Sikuwa nimevitupa, nilivihifadhi kama ushahidi. Nikazivunja punje za giligilani kidogo kwa chupa ili ganda lipasuke, nikaziloweka usiku mmoja, nikazipanda ukumbini. Marigodi, zinia na rehani nikaziweka varandani. Marigodi zilitoka siku ya tano. Giligilani ilitoka siku ya tisa, trei nzima, shingo zimepinda, miche mingine bado imebeba ganda kichwani. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilizitazama nikahisi nazo zinanitazama, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Wifi yangu alipokuja kuona miche alipiga vigelegele. Nikamwambia ni mbegu za yule mama. Akasema, "Basi wewe nyamaza. Nani atajua?" Nikaitazama midomo yake ikisema hivyo, nikaona jinsi mimi na yeye tulivyofanana, nikachefuka tena. Jioni ile niliandika ukweli kwenye kundi. Vidole gumba havikuja. Mmoja tu aliandika, "Pole."

Nikaenda Bunda. Mahali pa mkeka palikuwa na meza ya pili ya yule kijana. "Yule alihama," alisema, akipanga makopo. "Baada ya ile video hakuna aliyenunua. Nasikia yuko Butiama." Akanitazama vizuri, akanitambua, akacheka. "Si ni wewe, mama? Ulitusaidia sana!" Mkono alionipa nilishindwa kuushika.

Nilimkuta yule mama Butiama siku ya gulio, ameketi kwenye mkeka uleule, umeoshwa na kufuliwa mpaka umepauka pale nilipomwaga. Nikampa trei ya giligilani niliyobeba. Nikamwambia kila kitu: bati, nailoni, arobaini na saba, kopo la bure. Nikasema, "Nimekukosea, dada. Nisamehe."

Aliinua jani moja kwa kidole, akalinusa. Kisha akanirudishia trei.

"Siku unanichafua palikuwa na watu wangapi?"

"Wengi."

"Leo unanisafisha tuko wawili?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Rudi palepale, saa ileile. Sema kwa sauti ileile."

Nilirudi Bunda siku ya Jumamosi. Nilisimama mbele ya ile meza ya pili na trei yangu nikasema kwa nguvu kwamba mbegu za yule mama zilikuwa nzima na kwamba mimi ndiye niliyezichemsha. Hakuna inzi, hakuna umati. Mwanamke mmoja aliuliza kama ile giligilani inauzwa. Mzee wa viazi akasema, "Mama, sogea kidogo, unanizibia wateja." Safari hii nilimtafuta mtu wa kunirekodi na simu zote zilikuwa mifukoni. Ikabidi nimpe mwanamke wa nyanya simu yangu, nikayasema yote tena kuanzia mwanzo, nikaituma video kwenye kundi mwenyewe na kuwaomba waisambaze kama walivyosambaza ile. Sijui ni wangapi waliisambaza. Ile ya kwanza mpaka leo bado inazunguka. Mwezi uliopita binamu yangu wa Nyasho aliniletea akicheka, hakujua ni ya zamani.

Askofu alikuja, maua yalikuwa bado hayajachanua. Padri anakula giligilani yake.

Nami nanunua mbegu Butiama. Yule mama ananihudumia kama anavyomhudumia mtu yeyote, anafunga kifurushi, anakibandika punje zake nje. Hanikaribishi kukaa. Mara ya mwisho nilimuuliza kama atarudi Bunda, kwa kuwa pale wateja ni wengi.

"Nirudi nikakae wapi?" alisema. Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.