Siku Nilipotangaza Kinga ya Mke Wangu Kanisani

Mnanijua mimi, mwenye lori mbili na mashine ya kusaga mahindi hapa Kitale, na yote niliyapata bila kumaliza darasa la sita, kwa hivyo nikiwaambia kuna siku niliaibika mpaka nikajifungia kwenye stoo yangu mwenyewe, jueni si mambo madogo.

Mke wangu Nanjala (kwao ni Mabanga, huko Bungoma) ana saratani ya figo, na hata kabla ya hiyo alikuwa na baridi yabisi, ile ya kufura viungo kwa sababu mwili unajipiga wenyewe. Daktari alitueleza polepole, ati kuna dawa inayoamsha kinga ya mwili ndiyo ipigane na saratani, lakini kinga ya Nanjala tayari ni korofi, na utafiti mwingi huwaacha nje watu kama yeye kwa kuogopa viungo vitachachamaa. Lakini utafiti wao huu uliwataka watu hao hasa, waone kama wanaweza kupewa dawa hiyo wakiangaliwa kwa karibu. Nanjala aliuliza maswali, mimi nikawa natikisa kichwa tu kama msomi. Akakubali kuanza Jumatatu.

Jumapili pasta akauliza nani ana hoja ya maombi. Nanjala akaninong'oneza, "Baba Kamau, wacha, nitasema mwenyewe." Lakini mtu kama mimi atakaa kimya aje? Nikashika maikrofoni. "Wapendwa, mama yenu ana shida ya kinga mwilini."

Akina mama wakaanza kulia. Mzee wa kanisa akanishika bega, "Ndugu, ukweli huponya. Na wewe umepima?"

Nikajibu kwa maikrofoni, kwa kifua, "Mimi niko sawa kabisa, hiyo ni yake peke yake!" (Hapo ndipo nilijizika, na wala sikujua, nilidhani wanalia kwa kuguswa.)

Kabla ya chai ya jioni habari ilikuwa imefika Mabanga na wakwe wamefika kwangu: baba mkwe, shemeji, na mama mkwe mwenyewe. Sasa, kwa Wabukusu, watu wa kina Nanjala, mama mkwe haingii tu kwa mkwewe, wala hamtazami usoni, kwa hivyo nilipomwona akiketi kunipa mgongo, leso mpaka kichwani, nilijua hii si ziara. Akauambia ukuta, "Muulizeni huyo mwanaume, ni nani alimletea mtoto wangu UKIMWI?"

"Si anasema yeye yuko sawa, bana?" shemeji akaongeza. "Basi twende tupimwe sote, tuone!" Majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

Nikakimbilia chumbani kwa Nanjala. Akaniambia bila kugeuka, "Kesho siendi popote. Watanitazama vile kanisa limenitazama."

Nikatoka hapo nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia. Kiburi chote kiliisha, maana hiyo nafasi ikipotea, ingine tungetoa wapi? Nikarudi sebuleni, nikageukia ukuta wangu, nikasema, "Sikumwelewa daktari. Nilitikisa kichwa tu."

Kisha mlango wa chumbani ukafunguka, Nanjala akasimama hapo na vidole vyake vilivyofura. "Mama, kinga yangu haijapungua. Imezidi. Ni kama mbwa anauma wenye boma na kumwacha mwizi. Wanataka kuona kama anaweza kumuuma mwizi bila kunimaliza mimi. Na hata ingekuwa ule mwingine, huo ni ugonjwa tu, si matusi."

Mama mkwe akaivuta leso yake vizuri. Kisha akauambia ukuta, "Mwambieni huyo mwanaume, kitu hakina kinga hapa ni mdomo wake."

Hata baba mkwe alicheka. Jumatatu Nanjala alienda. Dawa ameanza, siku zingine viungo vinamsumbua, na bado tunangoja kuona. Mimi nimeapa: habari ya mwili wa mtu itatoka kwa mwenye mwili. Hata salamu za mama mkwe siku hizi napitishia kwa Nanjala, naye huzichuja kwanza.