Baba Dirishani

Wiki nzima jirani yetu alisimama nje ya dirisha la shule yetu ya Mbekenyera, vidole vyake vilivyobabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho vikivunjavunja vijiti. Mpwa wake alirudi kutoka shule ya mbali akiwa na jina la ubatizo badala ya jina lake la Kiislamu, na sasa jirani alikuwa amemleta bintiye hapa.

Goreti, ambaye mtoto wake alikuwa darasa la pili, alimcheka. “Baba Mwantumu, utaota mizizi hapo! Dionisia wangu wamemfundisha hesabu tu.”

“Wako alikwenda na jina la kanisani tayari, dada.”

Jumatatu iliyofuata mwalimu alifungua daftari, akawaita wanafunzi wapya. “Mwantumu!”

“Nipo!”

Baba yake akachukua jembe lake ukutani, akaenda shambani akipiga mluzi. Chini ya dirisha vilibaki vijiti vilivyovunjika, na kimoja kizima.