Wati za Mashine ya Pumu

Katika ofisi moja ya mtaa huko Temeke, ukutani kuna tangazo: "Marufuku kuchomeka kifaa kinachozidi wati mia mbili." Juzi tukiwa kwenye foleni, mtoto wa dada mmoja alibanwa na pumu. Mama akatoa mashine ya kumvutisha dawa.

"Samahani baba, naomba soketi."

Mtendaji wa mtaa, aliyekaa mezani, akaonesha tangazo kwa kalamu. "Wati ngapi hiyo?"

"Wati sizioni. Imeandikwa volti mia mbili thelathini, ampea nusu."

Hapo sie wasomi wa foleni tukaamka.

"Zidisha, bosi! Volti mara ampea!"

"Unagawanya," akabisha mzee mmoja.

"Ukigawanya unapata ukinzani, mzee wangu," nikasema, simu nimeshaitoa. "Omu mia nne na sitini!" Hakuna aliyeniuliza ukinzani. Nikarudia kwa sauti, walio nyuma nao wafaidike.

"Mie nataka wati," akasema mtendaji.

"Mia moja na kumi na tano!" tukaitika kama darasa.

"Basi inaruhusiwa."

Tukageuka kumpa mama habari njema. Alikuwa ameshachomoa birika la umeme la mtendaji, kachomeka mashine, na mtoto anavuta dawa mapajani mwake. Birika hilo halikuwahi kuulizwa wati zake.

"Mshamaliza?" akatuuliza, taratibu tu.

Foleni nzima tukaanza kulisoma lile tangazo upya. Nyumbani nimeihakiki hesabu yetu. Ilikuwa sahihi, na ningefarijika kidogo kama tungekuwa tumekosea.